Mgodi Hauui Mtu

Kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Ushirombo, pale Masumbwe, kuna vibanda vya kutoa fotokopi ambako nukuu za shule zinauzwa kwa kurasa. Nunua za Kiswahili za kidato cha tatu. Utakuta kichwa kimeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari: TAMATHALI ZA SEMI. Chini yake kuna maelezo kwamba hayo ni maneno ambayo msanii huyatumia kupamba lugha na kumvutia msomaji. Kisha orodha. Tashibiha ni kulinganisha kwa kutumia kama, mithili ya, mfano wa; Asha ni mzuri kama malaika. Sitiari ni kulinganisha bila maneno hayo. Juma ni simba. Tashihisi ni kukipa kitu kisicho na uhai sifa za mtu. Miti ilicheza ngoma. Tafsida, mubalagha, kejeli, tabaini, kila moja na mstari wake na mfano wake mmoja, hadi ukurasa unakwisha.

Nimesahihisha mitihani ya moko ya kutosha kujua kwamba Asha huyo na Juma huyo wako kila shule. Sijawahi kukutana na mwanafunzi ambaye Juma wake ni mnyama mwingine, tuseme fisi, ingawa fisi huku kwetu tunawajua kuliko simba.

Neno linalobeba mzigo wote katika nukuu zile ni kupamba. Hiyo ndiyo imani iliyotawala: maana imeshakamilika, imekaa inasubiri, na tamathali huja baadaye kuipaka rangi. Walimu wengi wanaieleza kwa mfano wa chumvi na mboga, na wana nia njema, wanataka mtoto aonje utamu wa lugha. Lakini fuata imani hiyo uone inakoishia. Mboga isiyo na chumvi ni mboga bado, na mwenye njaa ataila. Basi mzazi wa Lulembela anayehangaika na michango ya shule, anayemwona kijana wake akikesha na orodha ile, ana haki ya kuuliza kejeli na tafsida zitamsaidia nini kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Ukimjibu kwamba ni mapambo, umemaliza mjadala kwa niaba yake. Mapambo ni ya wenye nafasi.

Mimi nasema tamathali ndiyo dai lenyewe. Inaamua nani ametenda na nani ametendwa, kipi ni mali na kipi ni taka, nani mwenyeji na nani mvamizi. Na sijui mahali nchini ambapo jambo hilo liko wazi kuliko huku kwenye ukanda wa dhahabu, ambako mtu anaweza kupoteza shimo lake kwa jinsi alivyoitwa tu.

Anza na tashihisi, ile ya miti kucheza ngoma. Duara likiporomoka, redio inatangaza kwamba mgodi umeua. Kesho yake gazeti linaandika kwamba kifusi kimeua. Msibani utasikia ardhi imewameza. Ni tashihisi zote tatu, na katika mtihani zingepata alama zote. Lakini mgodi hauui mtu, na ardhi haina tumbo. Duara linaporomoka kwa sababu matimba ya kuzuia kuta hayakuwekwa, au yaliwekwa ya mti mlaini kwa kuwa mti mgumu ni ghali, au mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi hakuna aliyesimamisha kazi, au watu walikula nguzo ambayo walipaswa kuiacha, maana nguzo yenyewe ilikuwa na mbale, mawe yenye dhahabu. Kila sababu kati ya hizo ina mtu ndani yake: mwenye leseni, mwenye duara, msimamizi wa zamu, mkaguzi ambaye alipita au hakupita. Tashihisi inawatoa wote kwenye sentensi na kuliacha fungu la udongo libebe kesi.

Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Mwenzao alifia humo. Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 waliokwama chini, mmoja wao raia wa China, waliokolewa wote. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Ila sikiliza jinsi tulivyosimulia: ardhi ilikuwa imewameza, ikawatapika. Simulizi nzuri, ina mnyama mkubwa, ina muujiza. Katika simulizi hiyo hakuna nafasi ya swali la matimba, kwa kuwa mnyama akimeza humuulizi kibali.

Sisemi tashihisi ni uongo. Wazee wa duara wana usemi kwamba mwamba unaongea, na ukiusikia unatoka mbio, sururu unaiacha hapohapo. Wanazungumzia ile milio midogo ya jiwe linaloanza kuachia. Hapo jiwe limepewa kinywa ili mtu awe na masikio. Kwenye habari ya redio jiwe limepewa mikono ili mtu asiwe na hatia. Jina la tamathali ni lilelile, kazi mbili zinazopingana, na katika nukuu za fotokopi hakuna hata sentensi moja ya kumsaidia mwanafunzi azitofautishe. Ukimwambia zote ni mapambo umemwambia ziko sawa.

Kuna kanuni nyingine ambayo wanafunzi wanaipenda kwa sababu inawapa alama upesi: ondoa kama, umepata sitiari. Kwa kalamu ni kweli. Kwa akili, kilichoondoka ni kikubwa. Ukisema mgodi ni kama jirani, umeacha mlango wazi; mtu yeyote kwenye mkutano wa kijiji anaweza kunyoosha mkono na kuuliza ni kama jirani kwa lipi, maana jirani huja msibani, jirani huazima jembe, na jirani hana walinzi wenye mbwa. Ukisema mgodi ni jirani yetu mwema, mlango umefungwa. Anayehoji sasa anaonekana mkorofi asiyejua ujirani. Kampuni za migodi zinalijua hilo vizuri kuliko walimu wa fasihi, ndiyo maana lugha ya ujirani mwema imejaa kwenye mabango na hotuba za kukabidhi madawati. Na tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, mpango wa uwajibikaji wa kampuni kwa jamii ni takwa la sheria, lazima ukubaliwe na halmashauri. Takwa la sheria unalidai. Wema wa jirani unaushukuru. Kati ya kudai na kushukuru kuna zahanati nzima, na kilichoamua upande gani tusimame ni sitiari moja iliyopita bila kuhojiwa.

Lakini kisa kinachonifanya nishindwe kuelewa jinsi mtu mzima wa Tanzania anavyoweza bado kusema tamathali ni chumvi ni kile cha makinikia. Kilitokea hapa jirani, Bulyanhulu na Buzwagi.

Kwa miaka mingi watu waliuita mzigo ule wa makinikia mchanga. Mchanga wa dhahabu, kisha kwa mkato mchanga tu. Kitaalamu ni mwamba uliosagwa na kuchujwa hadi ukabaki unga wenye dhahabu, shaba na fedha, unaopelekwa kuyeyushwa. Ila ukisema mchanga unaupaka sura ya kitu kisicho na thamani. Nani atagombania mchanga? Machi 2017 Serikali ya Rais Magufuli ilipiga marufuku kuusafirisha nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma ikatoa ripoti Mei 24, ya Profesa Osoro Juni 12. Hapo ndipo picha ileile ya mchanga ilipogeuka na kuanza kuchoma upande wa pili: kumbe hata mchanga wanabeba! Kilichokuwa kikituliza watu kikawa kinawapandisha hasira, na unga wenyewe haukubadilika hata chembe. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi hiyo, ilizikataa hesabu za kamati, wataalamu wakabishana kuhusu viwango, lakini barabarani ubishi ulikuwa juu ya picha.

Kisha likaja deni la kodi la dola bilioni 190 ambalo Serikali iliidai Acacia. Kiasi hicho kilizidi mara kadhaa pato la taifa zima kwa mwaka, na mtaa ulikipokea kama unavyopokea mubalagha: kwa kejeli. Watu wakaanza kugawiana magari ya Noah kwa maneno, kila Mtanzania na Noah yake, mwingine anauliza kama atachagua rangi. Walimu wangu wa zamani wangesema huo ni utani wa vijiweni. Mimi naona uchambuzi. Watu ambao wengi wao hawakuvuka kidato cha nne waliitambua mubalagha ndani ya takwimu rasmi, wakaijibu kwa tamathali inayostahili, bila kutukana mtu na bila kuvunja sheria. Mwanafunzi wa kidato cha nne wa mwaka uleule alikuwa anaandika kwamba mubalagha ni kutia chumvi, mfano, ana tumbo kubwa kama pipa.

Oktoba ikaja tamathali iliyo kubwa kuliko zote. Barrick, mwenye hisa nyingi katika Acacia, alikubali kutoa dola milioni 300, na pesa hiyo ikaitwa kishika uchumba. Magazeti yakalipokea neno, wanasiasa wakalipokea, nasi tukalipokea tukicheka kwa kuridhika, maana ni tamu na ni la nyumbani. Sasa lisome kama sitiari. Kishika uchumba hutolewa na anayeomba. Anayedaiwa hatoi kishika uchumba, analipa. Kwa neno moja mdaiwa akawa mchumba, mdai akawa baba wa binti, na deni likageuka dalili ya mapenzi. Kwenye uchumba hakuna anayeomba risiti. Ni utovu wa adabu. Na bibi harusi ni nani? Sitiari ilinyamaza hapo, lakini mtu wa Kakola, kando ya mgodi wa Bulyanhulu, ambaye dhahabu inatoka chini ya miguu yake alikuwa na haki ya kujua ni nani anayeozwa. Uchumba wenyewe ukawa mrefu. Mkataba ulisainiwa Januari 24, 2020, Serikali ikapata asilimia 16 ya hisa kupitia kampuni mpya ya Twiga, na malipo ya kwanza ya dola milioni 100 katika zile 300 yakafanyika mwaka huo.

Sijasema mkataba ulikuwa mbaya. Kuna wanaouhesabu kuwa ushindi na wana hoja zao. Ninachosema ni kwamba taifa lilijadili mabilioni yake likiwa ndani ya sitiari, na halikujua liko ndani. Tulibishana kama mahari inatosha. Swali la kama kweli ilikuwa mahari halikuulizwa. Hapo chumvi iko wapi? Ondoa sitiari ile uone kama mboga inabaki ileile.

Nenda kwenye tafsida sasa, maana hii ndiyo inayokula watu kimyakimya. Nukuu zinasema tafsida ni kupunguza ukali wa maneno, na mfano ni kwenda haja au kujifungua. Adabu tu. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji waliondolewa Bulyanhulu ili kampuni ya Kanada ianze kazi, na ubishi juu ya yaliyotokea siku zile haujaisha mpaka leo. Lugha iliyotumika tangu wakati ule kwa mambo ya namna hiyo ni kupisha. Wananchi wanapisha mradi, wanapisha uwekezaji, wanapisha maendeleo. Kupisha ni jambo la hiari na la heshima. Unampisha mzee kwenye basi, unampisha mgonjwa kwenye foleni. Anayepisha anatabasamu. Tafsida hiyo imemwondoa mtu kwenye shamba lake na papo hapo imemlazimisha atabasamu.

Halafu tazama majina ya watu. Sheria inatoa leseni ya uchimbaji mdogo. Kilicho kidogo hapo ni uchimbaji, kwa ukubwa wa eneo na mtaji. Katika mdomo wa kila mtu udogo umehama kutoka kwenye kazi ukaingia kwenye mwili: mchimbaji mdogo, hata awe na miaka sitini na wajukuu. Kijana yuleyule, na sururu ileile, akikutwa upande wa pili wa uzio anaitwa mvamizi, neno la vita, na mvamizi hupewa jibu la vita. Kati ya mdogo na mvamizi hakuna neno la kawaida la kumwita mtu huyo ambalo halijamhukumu tayari, ama kwa huruma ama kwa risasi.

Na magwangala. Kwa msomaji asiye wa huku, hayo ni mawe yanayotupwa na mgodi mkubwa wa Geita kwa kuwa dhahabu iliyomo ni kidogo mno kwa mitambo yao. Kwa mwenye nyundo na karasha, mashine ya kusaga mawe, kidogo hicho ni ada, ni bati, ni dawa. Mwaka 2016 suala hilo lilifika hadi ngazi ya Rais. Kabla ya hapo, na hata baada, hali ilikuwa hivi: jiwe likiwa ndani ya uzio ni taka, likiwa begani mwa kijana ni mali iliyoibwa. Nimetafuta katika vitabu vya kiada mfano bora wa kinaya kuliko huo, sijaupata. Wala sihitaji kumweleza mwanafunzi wa Geita maana ya kinaya. Anaijua kwa mgongo. Anachokosa ni kuambiwa kwamba anachokijua ndicho kilichoandikwa kwenye silabasi kwa jina lile.

Hapa najua nitajibiwa kwamba huo ni uchambuzi wa siasa, fasihi ni jambo lingine. Jibu hilo limejengwa juu ya meza ya safu mbili ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anaichora: kushoto fani, kulia maudhui. Tamathali ziko kushoto, pamoja na mtindo na muundo. Dhamira, ujumbe na msimamo viko kulia. Ukishachora meza hiyo umeshaamua kwamba tamathali haina msimamo. Mabishano juu ya safu hizo ni ya zamani katika vyuo vyetu. Wapo waliosema fani na maudhui ni kikombe na chai, unaweza kumimina kimoja ukabaki na kingine, F.E.M.K. Senkoro akawajibu kwamba ni sura mbili za sarafu moja. Nampa Senkoro ushindi. Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi walivyopigana. Kila upande ulileta mlinganisho, na aliyeshinda ni mwenye mlinganisho uliofikiri vizuri zaidi. Mjadala wa kama tamathali inabeba hoja uliamuliwa kwa tamathali, na bado meza ya safu mbili inachorwa.

Wanaozitetea nukuu hupenda pia kusema kwamba istilahi hizi ni urithi wa Waarabu na watu wa pwani, na urithi unapokelewa ulivyo. Vema, tuupokee ulivyo. Tashibiha, sitiari, mubalagha, zote zimetoka katika elimu ya balagha. Mwanazuoni mkubwa kuliko wote katika elimu hiyo, Abdul-Qahir al-Jurjani wa karne ya 11, alitumia maisha yake kupinga wazo kwamba uzuri wa usemi uko kwenye maneno yenyewe kama vito kwenye shingo. Kwake sitiari ilikuwa kazi ya maana na ya akili, na uzuri ulitokana na jinsi maana zilivyopangwa zikashikana. Kwa hiyo mwenye kufundisha pambo leo hawezi kujificha nyuma ya urithi. Waliourithisha walishalikataa pambo miaka karibu elfu moja iliyopita. Na Wamarekani wawili, mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson, walipoandika mwaka 1980 kwamba binadamu hufikiri kwa sitiari hata anapozungumza mambo ya kila siku, dunia ya vyuo ilishtuka. Manju yeyote, mtunzi na kiongozi wa ngoma wa Usukumani, angewauliza walikuwa wapi.

Maana huku kuna shule nyingine ya tamathali, ya zamani kuliko baraza la mitihani. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hupambana. Vyama hivyo viwili vya ngoma vinajihesabu kuwa warithi wa Ngika na Gumha, waganga wawili waliokuwa mahasimu. Makundi mawili yanasimama kwenye uwanja mmoja, kila moja na manju wake, na watazamaji wako huru kuhama. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Manju akimfananisha mpinzani wake na kitu, mpinzani hawezi kujibu kwamba huo ni mlinganisho wa kupamba. Lazima augeuze, aupasue, aonyeshe kwamba kitu kile kina upande mwingine, na afanye hivyo kabla watu hawajaanza kuinua miguu. Kejeli yake ikikosa shabaha anabaki na uwanja mtupu. Mtoto wa Masumbwe anaweza kutazama pambano la namna hiyo Jumamosi, akajua kabisa nani alishinda na kwa mlinganisho gani, kisha Jumatatu akaambiwa tamathali ni maneno ya kuleta mvuto. Naye ataandika hivyo, kwa kuwa si mjinga, anajua nani anatoa alama.

Dharau ya kwamba Kiswahili cha huku ni cha kuchekesha, kwamba Msukuma na Msumbwa waachie pwani mambo ya fasaha, sitaki hata kuijibu kwa urefu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe. Diwani yake Kichomi ilipotoka mwaka 1974, wanamapokeo walisema yale si mashairi kwa kuwa hayana vina na mizani. Lilikuwa kosa lilelile la kudhani urembo ndio mwili. Aniceti Kitereza, wa Ukerewe hiyohiyo, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kungoja hadi 1980 kuchapishwa kwa Kiswahili. Yatosha.

Wapo walio upande wangu wanaokwenda mbali kuliko mimi. Wanasema basi tutupe istilahi zote, tuwaache watoto wasome na kufurahia. Wanajua kejeli bila kuijua kwa jina. Siwaungi mkono. Mwananchi anayehisi tu kwamba sentensi ya ofisa ina kasoro atanung'unika akielekea nyumbani. Mwenye jina la kasoro anaweza kuisimamisha sentensi hapohapo: Mheshimiwa, kupisha ni tafsida, tuambie ni kaya ngapi zinahamishwa, zinalipwa lini na kwa kipimo gani. Jina linamwezesha kushika kitu ambacho bila hivyo kinateleza. Na wanaolalamika kwamba istilahi zenyewe zinagongana, kwamba kwetu tashtiti ni swali lisilohitaji jibu na Wakenya wana jina jingine, kwamba mubalagha kwao ni chuku, wana hoja ya siku moja. Walimu wakubaliane waendelee. Kamusi ya Fasihi ya Wamitila ipo tangu 2003.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya usahihishaji, na wasahihishaji wanaokaa na marundo ya vijitabu hawaitoi kwa uvivu. Ufafanuzi unasahihishika. Asha na malaika wake wanapewa tiki kwa sekunde. Uchambuzi unataka muda, na wasahihishaji wawili wanaweza kutofautiana. Ni kweli. Lakini mtaala wa 2005 ulishatangaza kwamba tunapima umahiri na tumeachana na kukariri, na ule ulioboreshwa mwaka 2023 ukarudia tangazo hilo. Kama bado tunatoa alama kwa mstari wa fotokopi, basi umahiri tunaoupima ni wa mashine ya fotokopi. Na si kweli kwamba swali la kufikiri halina majibu yanayosahihishika. Chukua tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, linalosema wananchi wanaombwa kupisha maendeleo ifikapo tarehe fulani. Waulize: andika upya sentensi hii bila tafsida, ukitaja anayetenda, anayetendwa na kitu kinachochukuliwa. Alama sita. Kisha: taja mambo mawili ambayo tangazo la awali liliyaficha na ambayo huwezi kuyaandika bila kwenda kuuliza, na useme utamuuliza nani. Alama nne. Mmoja ataandika kwamba hajui ni kampuni ipi, na atamuuliza mtendaji wa kijiji. Mwingine ataandika kwamba tangazo halisemi kama makaburi yatahamishwa, na atamuuliza bibi yake yako mangapi. Wote wawili wapewe nne zao.